Siku Niliyoifuta Kompyuta ya Khalati

Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniandama tangu Mfungo Tatu. Kila tukikutana mlangoni mwa msikiti hunishika mkono akaniambia, "Yakhe, lini?" Nami humjibu inshallah, mpaka mwishowe nikaona haya mwenyewe. Anataka niwaeleze jamaa habari za kompyuta za sabla yetu: zimetoka wapi, zinakwendaje, na kwa nini mwezi wa Novemba 2023 darasa lilifungwa wiki nzima watu wasielezwe sababu. Maneno mengi yamesemwa tangu siku zile. Wako waliosema umeme umeziunguza mashine zote. Wako waliosema ni virusi. Na mmoja, Mungu amsamehe, alisema tumeziuza. Basi leo nitayasema yaliyokuwa, na atakayenilaumu atakuwa na haki yake.

Wengi wenu mnanijua, lakini kwa vijana waliozaliwa London na Toronto ambao hupelekewa kitabu hiki kwa posta, nitajieleza kidogo. Nimezaliwa Unguja, Malindi, mwaka 1957. Nimefika Maskati 1975. Sultani Qaboos, aliyeshika nchi Julai 23, 1970, alikuwa amewaita Waomani waliotawanyika ng'ambo warudi kuijenga, na sisi tuliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 tukawa tunafika mmoja mmoja, huyu kwa njia ya Mombasa, yule kwa Dubai, mwengine kwa Misri. Kiarabu chetu kilikuwa cha kuchekwa, lakini Kiingereza tulikuwa nacho, na ndicho kilichotupatia kazi. Mimi nilitiwa katika simu. Miaka arobaini nimefuata waya, katika joto la Ruwi na katika mabonde ya bara, hata nikastaafu 2015. Fundi wa simu hujifunza jambo moja mapema: mtu akikwambia simu yake imekufa, usimbishie wala usimsadiki. Fuata waya.

Kompyuta 18 tulipewa mwaka 2018 na kampuni moja iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake. Zote ni za namna moja, na kwa umri wao bado zina afya. Baadaye tukachanga tukanunua mbili mpya. Kila moja nikaibandika nambari. Ile ya saba, iliyo pembeni karibu na dirisha, ilitwaliwa na marehemu khalati yangu, mdogo wake mama. Alikuwa na miaka 74, hajapata kugusa kompyuta maishani mwake. Akajifunza na wajukuu, akaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, na akaanza kuwaita wazee mmoja baada ya mmoja kuja kukaa mbele ya maikrofoni na kueleza walikotoka. Nasaba, safari, nani alimwoa nani, nyumba ya nani ilikuwa wapi. Alianza 2019. Ulipokuja ugonjwa wa korona alisimama, kisha akaendelea mpaka alipofariki 2022. Bint ami yangu akaishika kazi ile pale alipoiachia.

Mtaniuliza: je, kulikuwa na nakala mahali pengine? Haikuwako. Kila mwezi nilikuwa nikisema nitanunua diski ya nje. Naliandika hapa bila ya kulipamba.

Sasa shida ya darasa. Watoto wetu, Mungu awahifadhi, hawawezi kukaa na kompyuta saa moja wasiiharibu. Huyu anatia michezo, yule anabadilisha lugha ikawa Kikorea. Kuisafisha mashine moja na kuipanga upya, pamoja na kibodi ya Kiarabu, programu za maandishi na kadhalika, ni kazi ya saa tatu. Zidisha kwa 18, utapata saa 54. Mimi ni mstaafu, lakini si kwa hivyo.

Mwana wa dada yangu, anayefanya kazi ya mitandao, akanionyesha programu iitwayo FOG. Neno hilo kwa Kiingereza ni ukungu, lakini hapa ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya Ghost ya bure na ya wazi. Ghost, maana yake kizuka, ni programu ya kulipia iliyokuwa maarufu zamani kwa kazi hii hii. FOG ilianzishwa 2007 na vijana wawili wa Marekani, Chuck Syperski na Jian Zhang. Mwaka ule ule, mwezi wa Juni, sisi huku tulikuwa tukitoa tope majumbani baada ya kimbunga cha Gonu. Haiuzwi. Yeyote anaweza kuichukua, kuisoma maandishi yake ya ndani, na kuyarekebisha. Walioifanya wanaitengeneza kwa kujitolea.

Kazi yake wanawake wataielewa upesi kuliko wanaume. Ni kalibu ya biskuti. Unaitengeneza kompyuta moja vizuri kabisa, kisha FOG inaipiga picha diski yake yote, kila kilichomo, na kuiweka picha hiyo katika mashine kubwa, yaani seva. Baadaye unaishusha picha ile katika kompyuta nyengine, ishirini ukipenda, zikatoka sawasawa kama biskuti za Idi. Lakini biskuti huziweki juu ya sinia lenye kitu. Picha ikishuka, kilichokuwamo katika diski kinaondoka. Hilo ndilo neno la kulishika katika hadithi hii.

Seva nikaitengeneza kutokana na kompyuta ya zamani yenye diski ya gigabaiti 500, nikatia Linux ya Debian, nikaendesha programu ya kuiweka FOG. Inakuuliza masuali kama karani wa pasipoti, nawe unajibu. Suali moja lilinisimamisha: je, seva hii ndiyo itakayogawa anwani? Katika mtandao kila mashine ikiamka hupiga kelele kuuliza, "Mimi nani?" na mgawaji mmoja huijibu, "Wewe anwani yako hii." Kazi hiyo inaitwa DHCP. Pale sabla ruta ya intaneti ilikuwa tayari inagawa. Ukiwa na wagawaji wawili ni kama harusi yenye wapokezi wawili mlangoni, kila mmoja anawakalisha watu kivyake, na wazee wakaishia kukaa na watoto. Nikajibu la.

Basi Jumatatu nikaiamsha kompyuta ya kwanza kwa njia ya mtandao, na kiooni ikatoka PXE-E53. PXE ni utaratibu wa kampuni ya Intel unaoiwezesha kompyuta kuamka kwa kuuliza mtandaoni badala ya kusoma diski yake. Hiyo E53 maana yake: nimepewa anwani, lakini sikuambiwa faili la kuamkia. Kwa lugha ya simu, laini ipo, mlio upo, nambari ya kupiga haipo. Kasoro hizi ni ndugu watatu na inafaa kuzitofautisha. E51 ni kuwa hakuna aliyejibu kabisa. E53 ni hii yangu. E32 ni kuwa nambari unayo, umepiga, upande wa pili hauinui, na hapo mara nyingi programu ya ulinzi ya seva imeufunga mlango wa 69 unaopitishia TFTP. Mtu akijua ni ndugu yupi aliyekuja, nusu ya kazi imekwisha.

Ruta zinazotolewa majumbani haziruhusu kuandikwa zile nafasi mbili, ya 66 na ya 67, zinazotaja seva na faili. Dawa yake ni dnsmasq, programu ndogo inayokaa kando ya mgawaji bila ya kugombana naye: ruta inatoa anwani, na hii inaongeza tu, "Na faili lako liko kule." Ikakubali. Zile kompyuta 18 zikaamka kwa faili liitwalo undionly.kpxe. Zile mbili mpya zikakataa, kwa sababu mashine za siku hizi zinaamka kwa utaratibu mwengine, UEFI, na zinataka ipxe.efi, tena mpaka uzime ile kinga yao inayokataa faili lisilokuwa na muhuri. Nikaielekeza dnsmasq itazame anayeuliza ni wa kabila gani na impe linalomfaa.

Ukanijia mwengine. Mashine inaanza vizuri, inapata anwani, inapakia, kisha inapouliza anwani mara ya pili haipati. Ukijaribu tena, mara inapata, mara haipati. Hili liliniliza mpaka usiku. Mwisho nikatazama taa za swichi, maana fundi wa simu hutazama taa kabla ya kusoma kitabu. Kila mashine ilipobadilisha hatua, taa yake ilizimika, ikawaka rangi nyengine, na kukaa hivyo nusu dakika kabla ya kutulia. Swichi yetu ilikuwa kubwa, ya kiofisi, nayo ilipewa sadaka, na ndani yake kuna mlinzi anayeogopa waya zisijizungushe. Kila tundu likiamka analichungulia sekunde 15, kisha sekunde 15 nyengine, ndipo anaruhusu. Kompyuta haina subira hiyo. Nikatia kati swichi ndogo ya kawaida isiyokuwa na akili yoyote, na mambo yakaenda. Baadaye nikaamrisha ile kubwa isiyachungulie matundu ya kompyuta. Kitu kisichokuwa na akili kiliniokoa siku ile, nami nimekiweka juu ya rafu kwa heshima.

Jumanne nikawa tayari kupiga picha. Kalibu niliyoichagua ilikuwa nambari saba yenyewe, kwa sababu khalati na bint ami walikuwa wameipanga kuliko zote. Mara ya kwanza ikakataa, kwa kuwa Windows ina tabia ya kutozima kabisa: inajilaza nusu ili kesho iamke haraka, na diski inabaki kama mlango usiokomewa. Nikaiondoa tabia hiyo, nikaizima sawasawa, nikaanza tena. Kiooni likatoka lile dirisha la buluu la Partclone, na hesabu ikapanda. Asilimia kumi, thelathini, tisini. Nikaenda kuswali Alasiri. Niliporudi imefika mia, na chini yake maneno yanajirudia: imeshindwa kuingia, imeshindwa kuingia.

Hapa nieleze, maana ndipo penye siri ya yote. FOG ikipiga picha haiiweki moja kwa moja mahali pake. Inaiweka kwanza katika chumba cha ukumbini, /images/dev, ndani ya folda yenye jina la kadi ya mtandao ya mashine ile, herufi na tarakimu 12 zisizosomeka. Ikimaliza, seva inajiingilia yenyewe kwa njia ya FTP, kwa akaunti iitwayo fogproject, na kuihamishia picha chumbani pake kwa jina lake. Akaunti ile si ya mtu, ni ya programu, na neno lake la siri programu ilijitungia yenyewe siku ya kuwekwa. Mimi, kwa kujiona hodari wa usalama, Jumatatu usiku nilikuwa nimelibadilisha. Nimebadilisha kufuli ya nyumba, na mwenye nyumba yumo njiani anarudi.

Nikaifuta kazi ile, nikazima kila kitu, nikarudi nyumbani na hasira. Jumatano sikwenda. Alkhamisi nikakaa na karatasi na kuliandika neno la siri liwe moja kila linapotakiwa: katika akaunti yenyewe, katika ukurasa wa hifadhi za picha, katika ukurasa wa mipangilio ya TFTP, na katika faili la /opt/fog/.fogsettings ili nikija kuiweka programu upya isinirudishie balaa. Kisha nikajaribu kwa mashine nyengine, nambari 12, niliyoisafisha kidogo tu. Picha ikapigwa, ikahamishwa, ikakaa chumbani pake. Nikaipa jina Jaribio. Mke wangu atawaambia nilivyorudi usiku ule nikiimba.

Ndipo ikaja Jumamosi.

Nilitaka kujaribu kushusha kwa mashine zote pamoja. Picha ya Jaribio ilikuwa gigabaiti 22. Ukimpelekea kila mmoja peke yake, seva itaitamka mara 17. Lakini kuna njia ya multikasti: seva inasema mara moja tu na wote wanasikiliza, kama khatibu juu ya mimbari. Sharti lake ni kuwa seva husubiri waumini watimie ndipo ianze. Nikafungua kundi nililoliita Sabla, nikaliandikia kundi zima picha ya Jaribio, nikaamrisha ishuke.

Kundi lile nililiunda Jumatatu, na ndani yake nilizitia mashine zote 18. Nambari saba imo. Nilijua kichwani kuwa nambari saba haiguswi. Kundi halikujua.

Mjukuu wangu, mwenye miaka 16, alikuwa akinisaidia. Tukaziwasha, moja baada ya nyengine zikafika pale pa kusubiri, na zikasubiri. Dakika moja, mbili, tatu. Nikatazama ukurasa wa seva: wanaotakiwa 18, waliofika 17. Mimi, mtu mzima, fundi wa miaka arobaini, nikasema, "Iko moja haijawaka. Itafute uiwashe."

Akaitafuta. Iliyokuwa imezimwa ni moja tu, ile ya dirishani. Akakiondoa kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya kiti, akabonyeza.

Zote zikaanza kwa pamoja. Ilikuwa inapendeza kutazama, vioo 18 vya buluu, hesabu zinapanda kwa mkupuo mmoja. Nikampiga mjukuu wangu bega. Kisha nikakiona kitambaa juu ya kiti.

Nilikwenda mbio, na mimi siendi mbio tena. Niling'oa waya ukutani. Hesabu ilikuwa asilimia tisa. Lakini kabla hata ya asilimia moja, jambo la kwanza linalofanywa ni kuandikwa upya ramani ya diski, na baada yake data mpya inamiminwa juu ya ya kale kuanzia mwanzo. Nikaiwasha kwa diski ya dharura, nikachungulia. Hakuna folda, hakuna sauti, hakuna khalati.

Nikakaa chini sakafuni. Sioni haya kulisema. Watu wanne waliorekodiwa katika mashine ile walikuwa wameshafariki, na khalati wa tano. Wengine nyumbani kwao hakuna hata picha yao, kwa sababu walitoka Unguja na nguo walizovaa. Nikampigia mwana wa dada yangu. Akaniambia nisiiwashe tena, kuna mafundi wanaoweza kuokota vipande vya mafaili, lakini nisitie matumaini makubwa. Nikamsikia sauti yake ilivyobadilika, maana bibi yake mzaa baba ni mmoja wa wale wanne.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, anafikiri ni kosa lake. Nikamwambia hapana, ni langu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu, ile picha ya Jumanne, iliyokataa kuingia, uliifuta?"

Nilichofuta Jumanne ni kazi, siyo picha. Nilikuwa nimekusudia kuisafisha ile /images/dev, kwa sababu diski ya seva ilikuwa imejaa zaidi ya nusu na mimi sipendi takataka. Lakini Jumatano sikwenda, na Alkhamisi niliondoka nikiimba.

Tukafungua. Folda ipo, ina herufi na tarakimu 12. Nikachukua karatasi nilimoandika kadi za mashine zote, nikasoma nambari saba, mjukuu wangu akisoma kiooni. Tulisoma herufi moja moja, yeye kwa Kiingereza mimi kwa Kiswahili, mara mbili. Ni yenyewe. Ndani yake d1p1.img, d1p2.img, na mafaili madogo ya ramani. Gigabaiti 38.

Sikuigusa kwanza. Tulikwenda dukani tukanunua diski ya nje, ile niliyokuwa nikiisema tangu 2019, na bei yake ilikuwa chini ya karamu moja ya Ijumaa. Tukaitia nakala humo. Kisha nikaihamisha folda ile kwa mkono mpaka chumba kilichokuwa kikiisubiri tangu Jumanne, nikampa umiliki fogproject, nikairudishia nambari saba picha yake, nikaitoa katika kundi, nikaamrisha ishuke katika mashine ile peke yake. Kabla ya kubonyeza nilimwambia mjukuu wangu asome kiooni kwa sauti: mashine ipi, picha ipi, inakwenda wapi. Akasoma. Nikabonyeza.

Ilipoamka tukasikia Magharibi inaadhiniwa. Tukafungua folda ya sauti. Nikabonyeza moja bila ya kuchagua, akatoka khalati anamwambia mzee, "Sogea karibu, hicho kidude hakikuli." Mjukuu wangu akacheka. Mimi sikuweza.

Laiti ningekuwa mjuzi zaidi, neno la siri nisingelibadilisha, na picha ya Jumanne ingekaa chumbani pake kama inavyotakiwa, na yote haya yangekuwa hadithi ya dakika kumi. Na laiti ningekuwa nadhifu zaidi, folda ile ningeifuta Jumanne usiku. Sijui nijisifu kwa lipi.

Lakini hayakwisha hapo. Jumapili bint ami yangu alifika sabla, akafungua mashine, akahesabu. Akaniita. "Kaka, zilikuwa 44. Naziona 43."

Nikamweleza. Picha ilipigwa Jumanne. Kilichoingia baada ya Jumanne hakimo.

"Nilimrekodi Jumatano usiku," akasema. "Ulisema mashine haina kazi."

Ni kweli nilisema.

Aliyemrekodi ni mzee wetu mmoja wa Wete, mwenye miaka 91 wakati huo, aliyekuwa hataki kusema miaka yote, na khalati alimwomba mpaka akafa. Alieleza walivyotoka Pemba kwa jahazi usiku mwaka 1964 kwenda Mombasa. Alimtaja kila aliyekuwamo. Jina, jina la baba, alikaa upande gani wa jahazi, nani alikuwa akilia, nani alikuwa na mtoto mgongoni. Dakika 52. Bint ami aliniambia aliitazama saa kwa sababu mzee amechoka, lakini kila akitaka kusimamisha, yeye anaongeza jina.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikichukua kile kitambaa akakifunika juu ya mashine, akaenda zake.

Wiki ya pili tulikwenda wote wawili nyumbani kwa mzee. Nikampa mkono, nikamwambia kosa ni langu mimi, si la mwanamke huyu wala la kompyuta. Akanitazama muda. Akauliza kompyuta inawezaje kusahau kitu ilichoambiwa Jumatano na ikakumbuka cha Jumanne. Nikajaribu kueleza, nikaona simwelezi bali najitetea, nikanyamaza. Akamwambia bint ami awashe.

Safari hii alisema dakika 19. Jahazi, usiku, upepo, Mombasa. Bint ami alipomuuliza waliokuwamo, akasema, "Tulikuwa wengi." Akamuuliza tena kwa upole. Akasema, "Nishakwambia, mwanangu." Na kweli alishamwambia.

Usiku ule bint ami aliandika majina yote aliyoweza kuyakumbuka, akapata 11. Mengine matatu yamekuja kutoka kwa jamaa wa Mombasa waliosikia habari. Orodha hiyo iko sabla, katika faili la karatasi na katika mashine, na rekodi zote sasa ziko mahali patatu: sabla, kwangu, na nyumbani kwa bint ami, ambaye hanipi ufunguo wa kabati. Nambari saba haimo katika kundi lolote.

Darasa linafunguliwa kila Jumamosi baada ya Alasiri. Mwenye kanda za kaseti za wazee wake aje nazo, chombo cha kuzihamisha tunacho. Na yeyote miongoni mwenu, popote alipo, ambaye mzazi wake au bibi yake alitoka Wete kwa jahazi usiku mwaka 1964, amwandikie bint ami yangu kwa mkono wa mhariri, ataje jina, jina la baba, na kama anajua, alikaa upande gani.